Flaiwili ya Marehemu

Katika gereji zote za mtaa ule, aliyekereza vyuma kwa uangalifu kuliko wote alikuwa mzee mmoja waliyemwita Unywele. Jina hilo lilitokana na kauli yake. Mteja akimharakisha wakati anapunguza chuma kwenye mashine, alijibu bila kugeuka, “Bado unywele mmoja.” Walimtania sana, maana kichwani mwake nywele zilikuwa zimekwisha kitambo, na wenye ulimi mkali walisema amezimalizia kazini. Yeye alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa watu, hana makuu, na akisema jambo kuhusu injini hakuna aliyeuliza mara mbili. Heri wangeuliza.

Jumatatu moja asubuhi, kabla hajafunga vifungo vya ovaroli, binti wa marehemu mdogo wake aliingia uani na gari lake. Harufu ya klachi iliyoungua ilitangulia. Fundi mmoja wa gereji ya jirani aliziba pua kwa mbwembwe.

“Shikamoo, Baba Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Umeiua?”

“Haijafa. Inateleza. Nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele, gari lenyewe halina habari.”

Binti alikuwa na miaka ishirini na minane. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na siku za mapumziko alikuwa dereva wa mashindano ya kupanda mlima, yale ambayo gari moja moja hupandishwa barabara yenye kona nyingi na saa ndiyo mwamuzi. Gari lake lilikuwa dogo, la milango miwili, la gia za mkono, na walikuwa wamelijenga wao wawili kwa miaka minne, bolti kwa bolti. Baba yake alikufa katika mashindano hayohayo, yeye akiwa na miaka tisa. Tangu hapo Unywele ndiye aliyemlea kama baba. Alimpeleka shule, akasimama naye siku ya mahafali, akamfundisha kushika spana. Watu walimsifu kwa hilo. Alizipokea sifa akiangalia chini, nao wakasema, tazameni unyenyekevu wake.

“Wiki tatu zimebaki,” binti alisema. “Nataka klachi isiyoteleza, na nataka flaiwili nyepesi.”

Flaiwili, kwa asiyeijua, ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, na klachi huibana ili nguvu ifike kwenye gia. Ikiwa nzito, injini hutulia na gari huondoka kwa upole. Ikiwa nyepesi, injini hupanda na kushuka upesi, dereva akabadilisha gia bila kungojea. Madereva wa resi wanaipenda nyepesi kama watoto wanavyopenda sukari, na si wote inaowafaa.

“Kwanza nikuone unavyoendesha,” Unywele alisema. “Siku nyingi sijakaa pembeni yako.”

Walipanda barabara iliyopita nyuma ya maghala, yenye mwinuko mkali na magari machache. Klachi iliteleza kweli, lakini kilichomshtua mzee kilikuwa kingine. Kila binti alipofika kubadilisha gia kasi ikiwa kubwa, aliitoa leva ya gia, akaiacha katikati, akaitupia jicho, ndipo akaiingiza gia ya mbele. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa nusu sekunde. Kwa mashindano ilikuwa muda wa kunywa chai.

“Mbona unasimama hapo katikati?”

“Nahakikisha.”

“Unahakikisha nini?”

“Kwamba siingizi gia isiyo yake.” Alicheka kidogo, macho barabarani. “Unamjua mama. Kila nikitoka nyumbani lazima aniambie, usiwe na pupa kama baba yako. Nimelisikia tangu nasoma darasa la tatu, Baba Mkubwa. Nikishika leva mkono wenyewe unasita. Ndiyo maana nataka flaiwili nyepesi, ule muda ninaoupoteza hapo niufidie kwingine.”

Unywele aligeuza uso. Alitazama nje ya dirisha kuta za maghala zikipita, na moyo wake ulimuuma kama mtu aliyekanyaga msumari. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejiambia kwamba uongo wake haukumdhuru mtu aliye hai. Sasa aliuona mbele yake, kwenye mkono wa mtoto aliyemlea.

Walirudi, wakaliinua gari, na hadi saa sita mchana giaboksi ilikuwa chini. Pleti ya klachi ilikuwa imebaki nyembamba na imeng'aa kama kioo. Unywele aliipangua mbele ya binti, kisha akapanga mezani pleti tatu mpya ili achague, kwa sababu hakupenda kumfungia mtu kitu asichokielewa.

“Hii ya kwanza ni ya kawaida, imejaa duara zima. Pedeli laini, inashika taratibu, utaendea hata sokoni. Hii ya pili ina vidonge vya shaba, haitelezi ng'o, lakini inashika kama swichi. Kwenye mstari wa kuanzia, pale mlimani, ukikosea kidogo tu gari linazimika au linaruka kama chura. Ya tatu ni pleti mbili kwa pamoja. Hiyo ni ya injini yenye nguvu mara mbili ya hii yako. Wakikuuzia hiyo wamekuibia.”

“Wewe ungefunga ipi?”

“Ya kwanza, na presha pleti, lile sahani linaloibana, ya springi ngumu zaidi. Inatosha kabisa.”

“Na flaiwili?”

Hapo Unywele alipata njia ya kutokea, na hakuichelewesha. “Bakiza hiihii nzito. Nyepesi haimngojei mtu. Ukisita katikati kama ulivyosita leo, mizunguko ya injini itakuwa imeshadondoka kabla hujaingiza gia, na gari litakutupa mbele kila mara. Flaiwili nyepesi ni ya dereva asiyesita.”

Yalikuwa maneno ya kweli tupu, kila moja. Mzee huyu alikuwa hodari wa kujificha nyuma ya maneno ya kweli.

Binti alikaa juu ya kasha la spana. “Kwa hiyo unaniambia nitabaki hivi maisha yangu yote.”

“Sijasema hivyo.”

“Ya baba ilikuwa nyepesi.”

“Ilikuwa nyepesi.”

“Basi nikerezee kama ile.” Alifungua mkoba wake wa kazini, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha shuka. “Mama amekitunza kabatini miaka yote hii. Waliompa vitu vya baba walimpa na hiki. Nimemwomba jana, kwa sababu najua ukikishika tu utajua unene wake.”

Kilikuwa kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja, kimepinda upande mmoja kufuata duara, meno yanayozungushwa na stata bado yapo ukingoni. Unywele alikipokea kwa mikono miwili. Hakuhitaji kukipima. Kwenye uso wa chuma kile aliona mistari myembamba ya kisu cha mashine yake, safi, imelingana, kazi nzuri ya mtu anayejisikia.

“Siwezi,” alisema.

“Kwa nini? Yangu ni chuma kilekile. Ipo hapo, mashine ipo hapo.”

“Chuma hiki ni cha kumimina, mwanangu. Kinavumilia kubanwa, hakivumilii kuvutwa. Kikizunguka mara elfu saba kwa dakika, kila upande unavuta kutoka. Ukikipunguza ukingoni kidogo, sawa. Ukikipunguza huku katikati, kwenye shingo yake, umekitoa mifupa. Hakipindi kwanza kikakuonya. Kinapasuka tu, vipande vinatoka kama risasi, vinapita kwenye sakafu ya gari. Anayetaka nyepesi anunue ya chuma cha kufuliwa, iliyotengenezwa nyepesi tangu mwanzo. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayekereza hii hadi…”

Alikuwa amesema mno.

Binti alikuwa mpima ardhi, mtu anayelipwa kwa kuona pale mistari isipokutana. Alikitazama kipande mikononi mwa mzee, akakitazama upande wa shingo, pale palipokuwa pembamba kama kidole cha mtoto.

“Hiki kimekerezwa katikati,” alisema.

“Ndiyo.”

“Lakini baba alikosea gia. Alitaka ya nne akaingiza ya pili, injini ikapita kiwango, flaiwili ikapasuka. Ndivyo tulivyoambiwa.”

“Ndivyo mlivyoambiwa.”

“Nani alikereza hiki, Baba Mkubwa?”

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo. Unywele alikiweka kipande mezani, akajifuta mikono na kitambaa ingawa haikuwa na grisi. Angeweza kusema hajui. Mafundi walikuwa wengi enzi zile, na wengine walikwishakufa. Lakini alikumbuka ule mkono uliosita kwenye leva, na akaona hawezi kuuacha hivyo.

“Mimi,” alisema.

Mzee akaendelea, kwa sababu akisimama hapo asingeweza kuanza tena.

“Ilikuwa na kilo tisa. Niliishusha hadi kilo saba, ukingoni tu, na hapo ilikuwa salama. Kisha tukasikia gereji nyingine imefikisha tano na nusu. Nikaona haya, mtu mzima mimi. Nikairudisha mashineni, nikaingia na shingoni. Baba yako alikuwa amesimama hapo ulipokaa wewe. Aliniuliza, ‘Kaka, haitapasuka?’ Nikamwambia, ‘Nimeikata mimi.’ Akacheka, akaifunga.”

“Na gia?”

“Hakukosea gia.”

“Umejuaje? Hukuwa ndani ya gari.”

“Mita ya mizunguko ya gari lile ilikuwa na mishale miwili. Mmoja unapanda na kushuka na injini. Wa pili unabaki pale injini ilipofika juu kabisa, mpaka mtu abonyeze kitufe kuurudisha. Nilikuwa kona ya tatu, mimi ndiye niliyelifikia gari kwanza. Walipomtoa na kumkimbiza hospitali, nilibaki peke yangu na lile gari. Mshale ulikuwa kwenye elfu saba na mia mbili. Mahali pake, pale anapobadilisha gia siku zote. Angeingiza ya pili ungekuwa umepita elfu tisa.”

“Kwa hiyo wakaguzi waliuona.”

“Hawakuuona. Nilibonyeza kitufe.”

Alilisema jambo hilo waziwazi, na baada ya kulisema alijisikia mchafu kuliko siku alipolifanya. “Walipofika waliniuliza mimi, kwa kuwa ni fundi na ni ndugu yake. Nikawaambia lazima alikosea gia. Wakaandika. Baba yako alikuwa ameshakata roho njiani, sikuwa nimepata habari bado. Nilidhani atapona, nimwombe msamaha mwenyewe.”

Binti alisimama. Uso wake ulikuwa umekakamaa, na kwa muda Unywele alidhani atampiga, akatamani ampige. Badala yake alikwenda mlangoni, akasimama akiipa mgongo gereji. Alilia bila sauti, kama alivyozoea kulia tangu mdogo ili mama yake asimsikie.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

“Kila mwaka, siku aliyokufa baba, mama ananikalisha chini kunieleza jinsi alivyotuacha kwa kiherehere chake. Na wewe unakuwepo. Unakunywa chai.”

“Nakunywa chai,” Unywele alisema.

“Malizia gari.”

“Mwanangu…”

“Gari limefunguka, wewe ndiye unayelijua. Malizia. Funga pleti ya kwanza, kama ulivyosema. Na flaiwili funga nyepesi, ya chuma cha kufuliwa. Sina tena sababu ya kusita, au sivyo? Ukimaliza, tutakwenda kwa mama na utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia hata neno moja.”

Flaiwili aliyoitaka ilipatikana Jumatano, kilo tano na robo, kijivu, haina alama ya kisu cha mtu. Binti aliomba ruhusa kazini akaja siku hiyo na iliyofuata. Hakusimama karibu naye kama zamani wakitaniana. Kila Unywele alipopima kitu, alinyoosha mkono, akachukua kipimo, akapima upya. Unene wa pleti. Mnyooko wa flaiwili, akiizungusha taratibu huku akiutazama mshale wa kipimo kama umetikisika. Bolti sita za flaiwili alizikaza mzee, kisha binti akashika spana ileile akazijaribu moja baada ya nyingine. Mafundi wa jirani, ambao hawakujua lolote, walisema mwanafunzi amemzidi mwalimu, wakacheka. Unywele hakucheka nao. Aliona ni adhabu anayoistahili, tena ndogo.

Alhamisi jioni gari liliwaka. Injini ilipanda na kushuka kwa wepesi, giaboksi ikitoa mlio mdogo wa kokoto gari likiwa limesimama, mlio ambao flaiwili nyepesi huuleta siku zote na hauna madhara. Pedeli ilikuwa nzito kidogo kuliko mwanzo. Binti aliikanyaga mara tatu, akaitikia kwa kichwa, akamfungulia mzee mlango wa upande wa pili.

Mama yake binti, shemeji yake Unywele, alikuwa muuguzi mstaafu na aliishi katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo. Alikuwa anakunja nguo sebuleni walipoingia. Alifurahi kuwaona, akataka kuinuka kuandaa chai.

“Kaa, mama,” binti alisema. “Baba Mkubwa ana neno.” Kisha akatoka uani.

Unywele alibaki amesimama. Alikuwa amelipanga lile neno siku tatu nzima, likiwa na mwanzo na mwisho, na lote lilimtoka kichwani. Alisema mambo kwa mafungu, ya nyuma yakaja mbele: kitufe, mshale, kilo tano na nusu, gereji ile nyingine. Shemeji alimsikiliza akiwa ameshika shati moja mikononi, hajalikunja. Alikuwa ameshazoea, katika kazi yake, kuwasikiliza watu wanaoeleza ovyo jambo baya.

“Rudia hapo,” alisema. “Alikuuliza kama ni salama?”

“Aliniuliza, shemeji.”

“Ukamjibu nini?”

“Nimeikata mimi. Nilimjibu hivyo.”

“Akaamini.”

“Akaamini.”

Aliliweka shati juu ya mengine. Unywele alipiga magoti. Alianza kusema nisamehe, na shemeji akainua kiganja kumnyamazisha.

“Usiniombe kitu leo,” alisema. “Leo sina cha kukupa. Toka, uniitie mwanangu.”

Alitoka. Binti alikuwa ameegemea ukuta karibu na kamba ya nguo, na alimpita bila kumtazama. Mlango haukufungwa vizuri, na Unywele, ambaye alikusudia kwenda zake, alijikuta amesimama palepale uani.

“Njoo hapa karibu,” alimsikia shemeji akisema. “Baba yako hakukosea gia. Nimekudanganya maisha yako yote, mama yangu, na mimi sikujua kama nadanganya. Aliendesha vizuri. Umesikia? Aliendesha vizuri mpaka mwisho.”

Kisha sauti ikavunjika, na kilichofuata hakikuwa maneno. Siku ya mazishi mwanamke yule hakutoa chozi. Alisimama kando ya kaburi na hasira zake, watu wakasema ana moyo mgumu, na miaka kumi na tisa aliipitisha akimkasirikia mume aliyeliacha jiko lake na mtoto wake kwa ajili ya pupa. Sasa alimlilia. Alimwita kwa majina yote aliyokuwa akimwita walipokuwa vijana, moja baada ya jingine, kama mtu aliyepata habari ya msiba asubuhi ileile. Unywele alisikiliza yote akiwa amesimama, na hakuna aliyetoka kumwambia aingie wala aondoke.